Gurudumu la Kulia la Mama Risper

Hamisi ndugu yangu,

Gurudumu la mbele la kulia la pikapu ya Mama Risper limelia. Nakuambia wewe kwanza kwa sababu hapa Kibuye hakuna mwingine ninayeweza kumwambia, na kwa sababu nimengoja lilie tangu siku tuliyokuzika. Usishtuke. Una miaka mitatu kaburini na mimi bado nakuonea wivu.

Wacha niseme yote, maana safari hii huwezi kunikatiza.

Siku ya mazishi yako nilikuwa nalia, machozi ya kweli, na huku naangalia pikapu za wateja zilivyojipanga kutoka msikitini hadi karibu na soko. Moyoni nikasema, mimi nikifa zitakuja ngapi? Na zote tulizitengeneza wawili! Wewe kulia, mimi kushoto, tangu tulipofungua gereji mwaka wa themanini na mbili. Tunainua gari kwa jeki, kila mtu anachuchumaa upande wake, na anayemaliza kwanza anagonga rimu kwa spana mara tatu. Lakini mteja akifika kwake anasema gari limetengenezwa na Hamisi. Hata upande wangu ulikuwa wako.

Ulipokufa nikadhani sifa yako itapungua. Ikazidi. Mtu analeta pikapu, naiinua, nashika tairi juu na chini, naitikisa, nalizungusha gurudumu huku nimetega sikio kwenye mpini wa bisibisi, nasikia kabisa beringi inasaga kama mtu anayetafuna mchanga. Namwambia imekwisha. Anauliza, "Lakini Hamisi angesema nini?" Hata mke wangu Adhiambo, juzi nilipokuwa nakaza nati za kitanda chetu, akasema, "Hamisi angepaka grisi kwanza." Kitanda changu mwenyewe, Hamisi!

Kinachoniuma ni kwamba wana haki. Ulinizidi. Uliweka grisi kwenye kiganja ukaisukumiza ndani ya beringi mpaka itokee upande wa pili, bila haraka, kama mtu anayekanda unga wa chapati. Uliinusa ile ya zamani ukajua kama gurudumu lilipata moto. Nati uliikaza mpaka gurudumu ligome, halafu ukairudisha kidogo mpaka lizunguke kwa kidole kimoja. "Beringi haitaki kunyongwa, na haitaki kuachiwa," ulikuwa unasema.

Na kulikuwa na ile habari ya pete. Mwaka wetu wa kwanza niliweka beringi mpya nikaiacha ile pete ya chuma ya zamani ambayo beringi huzungukia ndani ya kitovu cha gurudumu, kwa kuwa kuing'oa ni kazi ya patasi na nyundo na jasho. Nani angeiona? Wewe uliiona. Ukasimama mbele ya wateja ukapaza sauti: "Odera, mgeni halazwi kwenye godoro la mgonjwa!" Watu walicheka wakashika mbavu. Hadi leo kuna mzee mmoja wa Kisian akiniona huniuliza habari za godoro. Sikurudia tena kosa lile, lakini pia sikukusamehe.

Mara moja tu nilikushinda. Unaikumbuka, ilikuwa pikapu hii hii. Mama Risper alikuwa anabeba dagaa wa omena kutoka Dunga kupeleka Sondu, na ile barabara ya kupitia Ahero mvua ikinyesha hugeuka tope tupu, maji yanaingia mpaka kwenye grisi. Tukabadilisha beringi za mbele pande zote mbili. Nikamaliza. Nikagonga rimu mara tatu, wewe bado. Nikazunguka nikakukuta umekaa juu ya tairi, shati limelowa, nyundo iko chini. Ukasema umefunga sunna ya Alhamisi na jua limekupata. Mimi nijue nini kuhusu sunna? Nilicheza kuizunguka ile pikapu. "Mzee, umeisha wewe!" Ukacheka, ukainuka, ukamalizia upande wako polepole. Ukasema, "Leo umeniacha, Odera."

Hayo maneno nimeyatunza, Hamisi. Kila nilipoambiwa Hamisi angefanya hivi, Hamisi angefanya vile, niliyatoa nikayasikiliza peke yangu. Leo umeniacha. Miezi minne baadaye kifua chako kikakataa, tukakuzika.

Sasa wiki jana Mama Risper akaja. Alishuka akiwa ameshika kiuno. "Odera, hii gari inalia kama mbwa. Angalia hiyo upande yako. Ile ingine usiguse, hiyo ni ya Hamisi, hiyo haiwezi haribika." Akaenda zake sokoni.

Nikazungusha la kushoto. Kimya. Nikazungusha la kulia, na kabla sijaweka bisibisi sikioni nikasikia. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikang'oa kifuniko cha grisi, na ndani yake kuna ile H uliyoikwaruza kwa msumari, kama tulivyozoea kuandika kila mtu herufi yake ili lawama ikija imjue mwenyewe. Nikaipangusa vizuri kwa kitambaa. Nilitaka kuwaonyesha watu.

Halafu nikatoa beringi, nikaosha kitovu kwa mafuta ya taa, nikamulika tochi. Pete ilikuwa imechimbika mashimo mashimo. Na pembeni yake kulikuwa na alama za patasi. Tatu. Hafifu, kama zilizopigwa na mtoto.

Ilikuwa pete ya zamani. Ulianza kuing'oa ukashindwa. Mikono yako, Hamisi, ilishindwa na pete! Ukaweka beringi mpya juu ya godoro la mgonjwa, ukafunga, ukaandika herufi yako.

Nilikaa juu ya tairi, nadhani mahali pale pale ulipokaa. Mimi nilikuwa upande wa pili wa gari, hatua mbili tu, nagonga rimu. Ungesema tu, "Odera, njoo unipigie nyundo." Ningekuja. Lakini ningekuja nikicheka, na kabla ya jioni Kibuye nzima ingejua. Nikadhani ndiyo sababu hukuniita.

Nikafunga gereji mchana kweupe nikaenda kwa mkeo Kaloleni. Nikamuuliza Mama Zuhura alijua tangu lini kwamba mikono yako imeishiwa nguvu. Akasema alijua tangu mfungo wa Ramadhani, kabla ya siku ile ya pikapu, na kwamba ulimkataza kuniambia. Nikamuuliza kwa nini. "Alisema ukijua utaacha kushindana na yeye. Alisema utaanza kumhurumia." Nilimwonea wivu hata yeye, kwa kujua kabla yangu.

Niliporudi niling'oa ile pete. Ilitoka kwa mapigo manane, na kila pigo nilikutukana. Nikaweka pete mpya, nikakanda grisi kwa kiganja, nikakaza nati nikairudisha, gurudumu likazunguka kwa kidole kimoja.

Mama Risper akarudi. Akaona beringi iliyoungua kwenye karai, akaona pete. Yeye si mjinga, miaka yote anatuangalia tukifanya kazi. "Hii pete ni ya zamani. Nani aliacha hii?"

Hapo nilikuwa na neno moja tu la kusema, na kifuniko chenye herufi yako kilikuwa mfukoni mwangu. Miaka yote hii ya Hamisi, Hamisi, ingeisha pale pale. Na huyo mama akisema jambo, linafika Sondu kabla ya omena wake.

Nikasema, "Ni mimi. Siku ile tulibadilishana pande."

Akapiga makofi. "Si nilijua! Hamisi hawezi fanya hiyo kitu. Basi Odera, usikasirike, lakini mimi sasa napeleka gari kwa fundi wa Ahero."

Usidhani nimekuwa malaika. Sikukufichia kwa wema. Watu wote wanakujua kwa kazi zako nzuri, kila mtu ana kipande chako. Kosa lako hili nalijua mimi peke yangu, na simgawii mtu.

Kabla hajaondoka nilikirudisha kifuniko. Nilikuwa na msumari mkononi, nikataka kuikwaruza H niweke O. Nikaiacha. Gurudumu likilia tena, watajua ni Odera. Likikaa kimya miaka kumi, watasema ni Hamisi, nami nitakasirika kila likipita mbele ya gereji. Jana lilipita. Lilikuwa kimya kabisa, na nilikasirika.

Pumzika sasa, ndugu yangu. Ahadi yangu ni moja: pete ya zamani haitabaki tena upande wako. Nikimaliza kushoto bado nagonga rimu mara tatu, nangoja kidogo, halafu nazunguka kulia kukumalizia.

Ni mimi,
Odera