Maji Nyuma ya Sauti Yako

Mwanangu Kombo,

Sauti uliyonitumia Jumatatu nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyostahili. Umesema, "Mama, mie mzima kabisa, usijitie wahaka bure." Ukamuulizia jirani yetu Bi Mize, ukacheka, ukaaga. Maneno yote mazuri. Lakini nyuma ya maneno palikuwa na mfereji uliofunguliwa, maji yanamwagika kwa nguvu, na hayakunyamaza mpaka ulipomaliza kusema. Mtu anayepiga mswaki hafungui maji namna ile. Mamako anayajua maji yale.

Nakuandikia gazetini, mbele za watu, kwa sababu nikikupigia uko kazini, na nikikutumia sauti unaisikiliza nusu. Barua hii ataisoma mtu na atakwambia, hata ukiikimbia. Usihofu, nimetumia jina la nyumbani, na huko Maskati hakuna alijuaye. Tena najua wako vijana wengine wanaofungua mifereji kama wewe, na mama zao hawajui wanachokisikia.

Ulikuwa na miaka kumi na minne ulipoanza kuwa mtu wa chooni. Ukiingia tu, mfereji unafunguliwa ndani ya ndoo tupu. Ndoo inajaa, inafurika, na wewe bado umo ndani. Mimi nilidhani ni utoto. Nikigonga mlango na kupiga kelele kwamba maji yanakwisha, Bi Mize anajibu kutoka uani kwake, "Muache, mwalimu. Mwanao huyo atia udhu wa mtaa mzima wa Jadida." Tunacheka, na wewe humo ndani unatusikia tunavyocheka. Ulikonda nikasema unarefuka. Kwenye tarawehe ulikuwa husali ila safu ya nyuma karibu na mlango, na babako, Mungu amrehemu, akinilalamikia kwamba mtoto kaanza uvivu wa dini.

Kisha mji ukakosa maji. Mifereji ilikauka kwetu na kwa jirani, tukawa tunachota kisimani na kutumia kata kata. Siku ya pili yake nilikuwa jikoni nakuna nazi. Ulisimama mlangoni, ukawa unautazama ukuta.

"Mama, n'natoka damu."

"Wapi?"

"Nikenda chooni. Tokea kabla ya mfungo."

Niliiacha mbuzi na nazi yake. Nakumbuka nilitaka kukugombeza kwa kunificha, na mdomo ukakataa. Ulikuwa umeinamisha kichwa kama aliyeiba. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kelele zote zile za maji zilikuwa ni za kulifunika tumbo lako.

Watu walisema bawasiri, wengine wakasema jicho. Ulikunywa mizizi ya kila aina mpaka tukavuka kwenda Unguja, ukatiwa kamera ya utumbo kwa nyuma. Ulilia, na haikuwa kwa maumivu, ilikuwa kwa haya. Daktari akatwambia ni vidonda vya utumbo mpana, maradhi ambayo kinga ya mwili inaupiga mwili wenyewe. Akakupa vidonge. Akasema na jambo jingine ambalo mimi nililisikia na wewe, nadhani, ulikuwa unatafuta viatu vyako. Alisema huyu kijana, miaka ikishakuwa mingi, awe anarudi kutazamwa kwa kamera hata kama anajiona mzima. Miaka hiyo sasa imekuwa mingi, Kombo.

Msimu ule wa karafuu hukuruhusiwa kupanda mkarafuu. Wenzako walikuwa juu wanachuma na kutaniana, wewe ukakaa kwa bibi yako, huko Wawi, juu ya mkeka, mnachambua. Karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Ulikasirika, ukayazoa makonyo ukataka kuyamwaga nyuma ya nyumba. Bibi akakushika mkono. "Weka chini, mume wangu. Hayo nayo yana mafuta yake. Wenye kiwanda wayataka." Ulibishana naye mpaka akakutia konyo moja mdomoni ulitafune, ukatema huku machozi yanakutoka kwa ukali wake. Bibi alicheka siku nzima. Nilikuwa na siku nyingi sikukuona ukiwa mtoto, siku ile nilikuona.

Na unakumbuka ulipofika kidato cha tatu, ukanikuta mimi ndiye mwalimu wako wa baiolojia? Nilichora ubaoni jeni, kisha RNA inayobeba maelezo, kisha protini. Ukanyoosha mkono. "Mwalimu, na RNA nyengine zisizotengeneza protini, zaidi ya hizi za kitabuni, zafanya kazi gani?" Nikakujibu kwamba hizo tuziache, hazimo kwenye mtihani. Darasa likacheka. Ndivyo tulivyokuwa tukifundishwa na sisi.

Mwezi uliopita swali lako lilinirudia mahali ambapo sikulitaka. Nilikwenda hospitali ya Chake kumuona daktari wa tumbo, binti mdogo, mpole, aliyeniamkia shikamoo kabla sijakaa. Nilimuuliza kwa nini mtu aliyepona arudi kutiwa kamera. Nilitumaini ataniambia hakuna haja. Akaniambia, "Hajapona, mwalimu. Katulia." Akaeleza kwamba utumbo ukivimba na kupoa, ukivimba na kupoa, seli zake huwa hazipumziki kujijenga upya, na katika kujenga huko makosa huingia. Kisha akazitaja RNA zile zile, zisizobeba maelezo ya protini. Kumbe zina kazi kubwa. Nyingine huinyamazisha jeni fulani, nyingine huiachia iseme. Uvimbe ukikaa miaka, baadhi yake huzidi na baadhi hupungua, na ikinyamazishwa jeni iliyokuwa ikizizuia seli zisizaane ovyo, basi saratani imeoneshwa njia.

Nilimuuliza kama wanaweza kuzipima, kwa tone la damu tu, yasiwepo mambo ya kamera. Nilikuwa nakufikiria wewe na haya zako. Akasema wataalamu wanalitafuta hilo, kwenye damu na kwenye choo, lakini halijatufikia. Kwa sasa ni kamera. Na akaniambia pole pole, kama anayemlisha mgonjwa, "Wengi wenye maradhi haya hawapati saratani, mwalimu. Sisi twatazama ili tuwahi." Maneno mengi ya kutuliza, mwanangu, na mimi nikatoka nimebeba moja tu. Nilipofika nje sikumbuki nimevukaje barabara.

Tokea siku hiyo sina utulivu. Natia chumvi chakula mara mbili. Nikimsikia Bi Mize anajaza ndoo, naacha nilichoshika nasikiliza. Nimezipekua sauti zako zote ulizonitumia tangu mwezi wa Mfunguo Mosi, na katika nyingi yapo maji. Yale maneno yako ya "mie mzima" hayaniambii kitu tena. Nasikiliza kile kisichokuwa maneno, na hicho ndicho kinachonitisha. Nikijipa moyo kwamba labda mnaosha vyombo hapo mlipopanga chumba, nakumbuka kwamba hujapata kuosha chombo tangu uzaliwe.

Nilipokutajia kamera mara ya mwisho uliniambia, "Wakijua n'na maradhi watanirejesha, Mama." Na si uongo. Najua ulivyoisubiri safari ile, na ulivyoondoka hapa ukitembea kama mtu aliyenyooka mgongo. Hukutaka tena kuwa yule mtoto wa kukaa mkekani wenzake wakiwa juu ya mti. Mimi pia sitaki uwe yeye. Lakini nikichagua baina ya kukuona umerejeshwa na kutokukuona, mwanangu, hilo si la kuchagua. Rudi kwa likizo ya siku chache, sema mamako anaumwa. Hutakuwa umesema uongo. Tutavuka Unguja mimi na wewe, nitakaa nje ya mlango kama mara ile, na hapana mtu wa Maskati atakayejua tulifuata nini. Na kama vidonge umeviacha, niambie. Sitogomba. Mdomo wangu ulikataa siku ile ya nazi, na leo utakataa vile vile.

Wazee wana methali yao juu ya mficha maradhi. Nimewafundisha watoto wengi methali ile, nikiwasahihisha mpaka neno la mwisho. Leo nimeianza mara tatu katika barua hii na nimeshindwa kuimaliza.

Sitaki ahadi wala maneno mazuri. Nataka unitumie sauti moja, fupi, hata kama ni salamu tu. Zamani hukuniambia mpaka mji mzima ulipokauka, na Mungu alitufanyia wema. Safari hii usingoje maji yakatike, Kombo. Ufunge mfereji kwa mkono wako, kisha useme. Utakalosema nitalibeba.

Nimeiweka simu hapa karibu na mbuzi ya nazi, nami nasikiliza.

Mamako