Maneno ya Kujisukula

Élisabethville, juin 1940

Shemeji Rigobert wa Mitwaba,

Jambo sana. Huku mihogo inakomaa muzuri. Mutoto wenu Régine anajua kusema sasa, na njo ile inaniua.

Unajua ndugu yako Adrien alikuwa mupishi kwa madame Mualemani, Mujerumani wa Ulaya. Ule madame alikuwa anamukataza kugusa mukate mpaka aseme kwanza: ich wasche mich, ni kusema najisukula, naosha mikono yangu. Adrien akaleta ule muchezo ku nyumba, kila asubui ku beseni na mutoto.

Sasa vita imewaka Ulaya, Baalemani banapigana na Babeleji. Serikali ya Babeleji imekamata madame, na Adrien pia, basema iko espion, mupelelezi wa Baalemani. Mupishi, shemeji!

Kuya huku mbio na padri wenu, abaambie kama Adrien ni mukristu, hapana muntu wa vita. Siwezi tena. Ku robine, pale tunateka mayi, Régine alikuwa anasema maneno ya baba yake na nguvu, bantu banatuangalia. Jana alisema ingine ya baba yake, ile sikuisikia mbele: ich fürchte mich. Nikamupiga kofi, nikamuuliza ni kusema nini.

"Ni kusema naogopa, mama."

Tangu pale hasemi tena, hata Kiswahili.

Ni miye, bibi wa ndugu yako,
Albertine