Nilingoja Vibali vya Moshi Vishuke Bei

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijarukwa na akili, mimi ni mama wa watoto wawili na ni mnunuzi katika kiwanda cha saruji, na kila tani ya hewa ya ukaa inayotoka kwenye matanuri yetu lazima tuwe na kibali chake kabla mwaka haujaisha, na vibali hivyo huuzwa sokoni kama bidhaa nyingine, leo juu kesho chini. Bosi aliniambia ninunue mapema, nami nikajifanya mjuzi, kwa sababu mvua ilikuwa imejaza mabwawa ya umeme, mitambo ya makaa ya mawe, ambayo nayo huhitaji vibali vingi, ikazimwa, vibali vikakosa wanunuzi na bei ikawa inateremka kila siku, nikasema ngoja ishuke kidogo tena. Basi mvua ikakatika, gesi ikapanda bei, watu wa umeme wakarudia makaa, kila mmoja akakimbilia vibali na bei ikapaa, nami nimeshika simu tu, kila nusu saa natoka uani kutazama mawingu mpaka mume wangu akaniuliza, "Umeolewa na mimi au na mvua?"

Kibaya zaidi, juzi bosi alinisimamisha kwenye ngazi, "Mama, vile vibali tayari?" ulimi ukateleza nikamjibu, "Nusu tayari, bosi," na sijanunua hata kimoja. Sasa mume wangu anasema nimpigie shemeji, mdogo wake, ambaye huchapa matangazo ya wizara inayotoa vibali, atudokeze kama serikali itaviongeza vibali ili bei ishuke au itavipunguza. Nimpigie?

Mwenye Roho Juu

Dada yangu, pole, lakini pole yangu inaishia hapo. Hata wazoefu wa soko hilo hukosea, maana bei inavutwa na mambo usiyoyashika: mvua, upepo, gesi, viwanda kuchangamka au kulala, na kalamu ya serikali inayoamua vibali viwe vingapi. Kutoyajua hayo si kosa. Kosa ulilifanya pale kwenye ngazi.

Na shemeji mwache! Akikunong'oneza neno moja tu, kazi yake imekwenda na yako inafuata, na mumeo atabaki katikati akimeza mate.

Bosi ana haki ya kujua sasa, wakati bado anaweza kufanya kitu, kama kuzima tanuri moja kwa matengenezo ili moshi upungue na vibali vihitajike vichache. Atalifanyaje hilo akiamini nusu ipo kabatini? Kisha omba ruhusa ununue kidogo kidogo kila wiki, bei iwe juu, iwe chini, uache kubahatisha. Atafoka. Huenda akakupa barua ya onyo; ipokee, isaini, urudi mezani kwako.

Kesho ukifika kazini nenda moja kwa moja ukagonge mlango wake. Usianze na habari za mvua. Anza na neno moja: "Nilikudanganya."