Apendiksi Imerudi na Sina wa Kunitembelea Wodini

Shangazi Joyline, nisaidie kabla nichanganyikiwe kabisa, mimi ni Obuya wa Kangemi, naweka kamera za ulinzi kwa manyumba za Loresho, kazi nilijifunza mwenyewe na video za simu, na hivyo ndio nimesoma pia mambo ya apendiksi, hiki kidole tumbo, kwa sababu mwezi uliopita yangu ilifura nikalazwa, wakanitibu na dawa bila kunikata, daktari akasema wengine hupona hivyo tu na wengine hurudi kukatwa, lakini skani ilionyesha kajiwe ndani yangu, na wenye kajiwe hurudi sana, kwa hivyo tupange operesheni mapema. Nikasema sawa, nitakuja na ndugu yangu, na sikurudi. Nimesoma kila utafiti nimepata, nikichanganya umri na vipimo vya damu naona niko kwa wale wa kupona, nikisoma tena naona hapana, na tangu jana maumivu imerudi upande wa kulia na natapika.

Ukweli ni kwamba kisu siogopi. Naogopa saa ya kutembelewa. Nilipolazwa, kwa kitanda cha kando alikuwa Mzee Gerishon wa Mutuini, watu wake walikuja na chapati na thamosi ya chai, wamama wa kanisa wakamwimbia, bibi yake akaniuliza, "Na wako, kijana?" Nikasema wako kwa jam ya magari. Kesho yake mzee akaniambia, "Hiyo jam ya jana bado haijaachilia?" Tukacheka wote, halafu watu wake walipoingia tena nikajifunika blanketi nikajifanya nimelala mpaka wakaenda. Mamangu huko Vihiga nilimwambia nimepata kazi mbali, jirani yangu Norman nikamwambia naenda ushago, kijijini kwa mama. Shangazi, kuna njia ya kujua kama hii itatulia na dawa?

OBUYA

Obuya, pole, na nimekukasirikia. Hii nakutumia kwa simu saa hii, gazeti litachapisha baadaye.

Daktari alikushika tumbo na akaona skani. Wewe uko na bando ya intaneti na uoga. Hata yeye hawezi kuapa nani atakatwa na nani hatakatwa, anasoma dalili tu, na zako hazikuwa nzuri hata kabla ya jana. Sasa unatapika. Kubashiri kumeisha hapo. Ikipasuka ndani utakufa ukisoma utafiti.

Hiyo ya wodi imeniuma, sikudanganyi. Kulala ukinusa chakula ya watu wa mwingine si mchezo. Lakini kijana, mama anajua uko kazi, Norman anajua uko kwa mama. Ulitaka nani aje?

Usile kitu. Bisha kwa Norman sasa hivi, mwambie, "Nilikudanganya, mimi ni mgonjwa, nipeleke hospitali." Mama mpigie mkiwa kwa teksi. Atakugombeza, na umwache agombeze. Ukifika sema habari ya kajiwe kabla uulizwe.

Na kama Norman hayuko, na mama hashiki simu, usingoje mtu. Enda pekee yako. Inauma, lakini enda.