Ulisema Ni Mafuta ya Moto

Reinfeld, Manitoba
Jumapili, 17 Septemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Lina,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Winnipeg. Sisi tu wazima. Jakob wangu analalamika magoti, ng'ombe hawalalamiki kitu. Wewe je, na wazee wako unaowaogesha?

Haya, furahi: nimechomwa ile sindano ya kukinga mkanda wa jeshi uliyonisumbua nayo tangu Pasaka. Binti yangu Greta ndiye aliyenipeleka. Mkono uliuma siku mbili, homa siku moja, Jakob akala mkate mkavu na hakufa. Ila sasa, wiki ya tatu, jicho la kushoto limekuwa jekundu na mwanga unalichoma. Naliosha kwa maji ya maua ya kamomili. Nashona nikiwa nimelifumba, maana blanketi la viraka tunaloshona sisi wanawake wa kanisa lazima liishe kabla ya mnada wa kanisa. Usinipigie simu. Nikisikia sauti yako nitalia, na Jakob atauliza.

Dada yako,
Neta


Winnipeg, 20 Septemba 2023

Dada Neta,

Nakusalimu kwa upendo. Mimi mzima, ila tangu nifungue barua yako sijatulia.

Acha kamomili! Nenda kwa daktari wa macho leo hii, usingoje mnada. Hapa kazini kuna mzee aliyepata mkanda wa jeshi usoni, ukamwingia jichoni, naye akangoja kwanza mavuno yaishe. Sitakusimulia alivyoishia.

Na nikuulize kitu, usikasirike. Mwaka Mpya wa mwaka jana ulikuwa na malengelenge kwenye paji la uso, upande huohuo wa kushoto, mpaka ncha ya pua. Ulisema ni mafuta ya moto, yamekurukia ukikaanga maandazi ya zabibu ya sikukuu. Nilicheka tu, maana kila Mwaka Mpya nusu ya wanawake wa Reinfeld huwa wameungua. Lakini dada, mafuta gani hayo yanayochagua upande mmoja wa uso? Yule muuguzi wa sindano ulimwambia?

Mdogo wako,
Lina


Reinfeld, 5 Novemba 2023

Lina,

Salamu. Hatujambo.

Daktari anasema ni mkanda wa jeshi ndani ya jicho. Nimepewa vidonge na dawa ya matone, lakini kioo cha jicho kimebaki na kovu. Naona kama ninachungulia ndani ya maziwa. Jumanne niliondoka kwenye ushonaji, nikarudi kuchukua glavu zangu, nikawakuta Susanna Wiebe na wenzake wanafumua mishono yangu na kuishona upya, kimya kimya, kama tulivyokuwa tukimfanyia marehemu mama alipozeeka. Wote wakaganda. Nikawaambia, "Endeleeni tu, dada zangu, kazi ya Bwana lazima ipendeze." Nililia njia nzima.

Nilikuwa na macho mawili kabla ya sindano yako. Jakob anasema vivyo hivyo. Usije mnadani.

Neta


Winnipeg, 12 Novemba 2023

Dada yangu,

Nakusalimu, hata kama hutaki salamu zangu. Nimetafuta neno "dada" mwisho wa barua yako, sikuliona.

Nilimuuliza daktari anayewatibu wazee wetu. Sikuuliza ili nijitetee. Anasema zipo taarifa, si nyingi, za watu ambao jicho liliwaka upya baada ya sindano hii, hasa waliowahi kuugua jicho hilo zamani. Lakini ugonjwa huu hurudi wenyewe pia, bila sindano yoyote, kwa hiyo kwa mtu mmoja hakuna awezaye kuapa. Wengi hawapati lolote, na yeye bado huwashauri watu wachomwe. Waliowahi kuugua jicho huwaomba waseme mapema, ili lichunguzwe.

Basi sijui, dada. Huenda ni sindano, huenda siyo. Lakini aliyekusukuma ni mimi, na nilikusukuma kama mtu anayeingiza ng'ombe zizini bila kumtazama mguu. Nisamehe. Kila asubuhi nalitaja jicho lako kwa Mungu. Namwambia la kushoto, ingawa najua analijua.

Mdogo wako,
Lina


Winnipeg, 17 Desemba 2023

Dada,

Krismasi njema kwako na kwa shemeji. Wiki ya tano hii sijapata jibu. Mnadani sikuja, kama ulivyosema. Sitakusumbua tena kwa barua mpaka uniite. Nipo.

Mdogo wako,
Lina


Reinfeld, 7 Januari 2024

Mpendwa mdogo wangu Lina,

Amani ya Bwana ikukute mzima. Herufi zangu zimekuwa kubwa kama za mtoto, nivumilie. Jicho haliumi tena. Kovu lipo.

Hayakuwa mafuta, Lina. Nilijua. Mjukuu wangu Eva wakati ule alikuwa na siku tisa, na Greta angejua nina mkanda wa jeshi asingeniruhusu kumgusa, maana ungeweza kumwambukiza mtoto tetekuwanga. Nikashusha kitambaa cha kichwa mpaka kwenye nyusi, nikampakata. Nilimpakata kila siku huku nikiomba asidhurike. Mungu alimhifadhi. Lakini muuguzi wa sindano aliponiuliza kama nimewahi kuugua mkanda huo, Greta alikuwa amesimama pembeni yangu, Eva mkononi. Nikasema, "Hapana." Halafu mzigo wote nikautupa kwako, kwa sababu uko mbali na unanipenda.

Pengine ningesema kweli wangelichunguza jicho kwanza. Pengine ingekuwa vilevile. Daktari wangu naye hajui. Sindano ya pili, maana huchomwa mbili, ameiahirisha mpaka jicho litulie kabisa, ndipo tuzungumze. Nakuomba siku hiyo uwe kando yangu, uniulize mbele yake yale nitakayotaka kuyakwepa. Nisamehe, mdogo wangu.

Jana nilimwambia Greta.

"Siku zote zile, Mama?"

"Siku zote."

Akaosha vyombo, hata vilivyokuwa safi. Kisha akamvalisha Eva koti, nami nikainamisha kichwa, nikijua sasa wanaondoka. Akasimama mlangoni kitambo. Akamvua lile koti, akamleta, akamweka mapajani pangu upande wa kushoto, upande nisioona vizuri.

"Mshike vizuri basi," akasema, "siku hizi anarukaruka."

Nikamshika.

Dada yako,
Neta