Friji ya Habiba na Nauli Yangu ya Mandera

Garissa, Alhamisi. Mvua ya juzi imetuachia matope na mbu, na leo jua limerudi kwa hasira. Nimekaa barazani nimejifunga kikoi, fulana imeniganda mgongoni, na moyo haujatulia. Ngoja niandike kabla sijamfokea mtu mwingine asiye na kosa.

Habiba hayupo. Mke wangu alipanda lori kwenda Mandera kununua bidhaa, akasema Jumatatu atakuwa amerudi. Tangu serikali ya Somalia ianguke miaka mitatu iliyopita, vitu vinavuka mpaka kule kwa bei ya kutupa: chupa za chai, vitambaa, manukato. Habiba amejifunza kuvinunua kule na kuviuza hapa sokoni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara wangu huja ukitaka. Pesa za Habiba huja kila anaposhuka kwenye lori.

Nimeandika sentensi hiyo na imeniuma.

Shule zimefungwa, kwa hiyo mpishi ni mimi. Fatuma, kifungua mimba wetu, alionja wali wangu jana akauliza kama ni uji. Wadogo zake, Yusuf na Nasra, wanakula, ila wanatazamana. Na chai! Nyumba hii inakunywa chai kama lori kuukuu linavyokunywa maji. Sukari niliyonunua juzi imebaki ya kufunika kitako cha kopo. Kila asubuhi mjomba wake Habiba anakuja kuuliza habari za mpwa wake. Anaketi, anamaliza birika, anasema, "Inshallah atafika," anaondoka. Kesho yake anarudi kuuliza tena.

Anayelichemsha birika hilo ni mimi.

Lakini hayo yote nilikuwa nimeyavumilia mpaka leo asubuhi.

Nilikuwa na akiba yangu ndani ya mfuko wa koti la harusi, koti ambalo hakuna mwenye akili anayeweza kulivaa kwa joto hili. Ilikuwa nauli ya Mandera. Mama yangu yuko huko, macho yake yanafifia, na mimi mwanawe sijamwona tangu Nasra akiwa mchanga. Nilikuwa nimeapa kwamba likizo hii nitawapeleka Yusuf na Nasra wakamwone bibi yao, ambaye wanamjua kwa jina tu. Nikatia mkono mfukoni. Hakuna kitu. Nikageuza mfuko nje. Vumbi.

"Mama alizichukua," Fatuma akasema, bila kuinua kichwa kwenye sufuria alizokuwa anaosha.

"Na hukuniambia?"

"Alisema nikuambie ukiuliza. Hukuuliza."

Nikatoka nje nisije nikasema neno baya. Pale mlangoni nikakutana na dereva wa gari dogo, matope mpaka magotini, ananitafuta. Alikuwa ametoka Modogashe. Lori walilopanda kina Habiba limekwama huko, akasema, barabara imekuwa tope tupu, gari zito haliwezi kupita mpaka pakauke. Habiba ni mzima. Amesema saa nne atakuwa kwenye taar ya Modogashe, nami niende kwenye taar ya hapa tuongee.

"Na friji pia haijaumia," akaongeza kwa wema.

"Friji gani?"

Akanitazama kama mtu aliyemwaga maziwa ya wenyewe. "Labda atakueleza mwenyewe, mwalimu."

Taar ni redio ya kuzungumza na watu wa mbali. Yetu iko kwenye chumba kimoja karibu na soko: betri ya gari sakafuni, waya mrefu juu ya paa, na Dubow, mwenye redio, anayejua mambo ya mji mzima kwa sababu kila mtu huyapigia kelele mbele yake. Wanaongoja zamu hukaa kwenye mabenchi wakisikiliza. Wakichoka kusikiliza, huchangia.

Sauti ya Habiba ikaja nyembamba, imejaa mikwaruzo. "Baba Fatuma, assalamu alaikum. Uko hapo? Nina jambo la kukuambia, lakini usi..."

Hapo nikabonyeza kitufe. Redio hii ukibonyeza unasema, ukiachia unasikia. Yote mawili kwa pamoja haiwezekani. Mimi nilibonyeza, na nikasema.

"Friji, Habiba? Nyumba yetu haina hata umeme!"

"Hiyo itakuwa ya mafuta ya taa," mzee mmoja akasema kutoka kwenye benchi. "Ni nzuri hizo. Soda baridi karibu na soko la mifugo, wallahi utatajirika."

"Hata maji baridi tu yatauzika," mama mmoja akaunga mkono.

Nilikuwa nimeshika kasi. Nikamwambia Habiba kwamba ile ilikuwa nauli ya kumwona mama yangu, si mtaji. Nikamwambia mama anazeeka, na Mungu pekee ndiye anayejua kama nitamkuta. Nikamuuliza kama watoto wangu sasa waende wakaisalimie friji, waiite ayeeyo, bibi yao. Mtu mmoja akacheka. Nikaona haya, na haya ikanifanya nipaze sauti zaidi. Kidole changu kilikuwa kimeganda kwenye kile kitufe.

"Mwalimu," Dubow akasema taratibu, "achia. Na yeye ana mdomo."

Nikaachia.

Mikwaruzo. Kisha ikaja sauti ambayo haikuwa ya Habiba. Sauti ya kizee, kavu, ambayo ningeitambua hata katikati ya mkutano wa hadhara.

"Umemaliza?"

Mabenchi yote yakageukia redio.

"Mama?" nikasema. Nilisahau kubonyeza. Dubow akaninyoshea mkono akanibonyezea. "Mama?"

"Hata salamu hakuna. Mgongo wangu si mgongo tena kwa hilo lori, na kitu cha kwanza ninachosikia ni mwanangu anamfokea mkewe mbele ya watu. Nauli yako nimeikalia mimi. Kiti cha mbele, karibu na dereva. Habiba yuko juu ya mizigo tangu Mandera, ananyeshewa pamoja na friji yake, na friji ameinunua kwa pesa zake. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Basi msalimie."

Nilimsalimia. Habiba akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka mno, akasema, "Ningekuambia mapema, ungesema Mama hawezi safari. Ungesema tungoje likizo nyingine."

Ningesema hivyo hivyo. Maneno yale yale.

Dubow alinilipisha na muda wa kelele. Nikitoka, yule mzee wa benchi akanishika mkono kwa heshima akaniuliza friji itaanza kazi lini.

Na bado nina hasira. Nataka iandikwe. Angeweza kuniambia. Mtu akikutendea jema kwa siri, amekunyang'anya hata nafasi ya kulalamika. Kuna lingine chini ya hilo: mwana ni mimi. Likizo baada ya likizo nimekuwa nikipanga, nikiahirisha, nikipanga tena, na watu wakiniuliza habari za mama najibu kwamba nitakwenda, inshallah. Habiba alikwenda kununua chupa za chai tu, akarudi naye.

Nilipowaambia watoto, Yusuf alikimbia kwa jirani kutangaza. Fatuma akatabasamu kwenye sufuria zake; kumbe alijua tangu mwanzo. Nasra akaja akasimama mbele yangu, akauliza, "Ayeeyo analijua jina langu?"

Nikamwambia analijua. Ndiye aliyelichagua.

Mchana wote nimekuwa nikihamisha vitu. Mama atalala chumba chetu. Sisi tutalala sebuleni. Friji sijui italala wapi. Nimekopa godoro kwa jirani na nimenunua sukari nyingi kuliko mfuko wangu unavyoruhusu, maana mama yangu bila chai tamu haongei na mtu.

Dubow amepata habari kwamba barabara inakauka, na lori litaingia kesho baada ya swala ya Ijumaa. Nitakuwa pale litakaposimama, nimevaa shati safi. Mama atafunguliwa mlango wa mbele. Habiba atakuwa bado juu, amejaa matope na kuchoka, anatafuta pa kukanyaga ili ashuke.

Nimemuuliza mjomba, ambaye alirudi alasiri kwa ajili ya chai, nimfuate nani kwanza. Akasema hilo si swali, mama ni mama. Nami nimekaa hapa nawaza kwamba mama mwenyewe, akiniona namkimbilia yeye huku Habiba ananing'inia kwenye kamba za mizigo, atanifungia mlango wa gari usoni.

Nimfuate nani?