Siku Waliyomlilia Baba Akinyoa Ndevu

S.L.P. 1482,
Kashai,
BUKOBA.

Jumatano, 19 Novemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Avit,

Nakusalimu kutoka huku kwetu kwenye mvua. U mzima? Mgongo wako uliokuwa unakusumbua kwa kubeba wagonjwa ghorofani umepona, au bado unajifunga ule mkanda? Watoto je, na mama yao? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo lina miaka kumi na tisa ya kupanda na kushuka kwenye gari la wagonjwa na sasa limeanza kunitumia malalamiko. Wazazi wote wawili ni wazima. Utaona mbele kwa nini nasema wote wawili kwa mkazo.

Nimeamua kuandika barua maana kwenye simu ukisikia sauti yangu imepanda unasema mtandao unakatika. Karatasi haikatiki. Itakuja na basi la Ijumaa na utaisoma mpaka mwisho.

Kwanza nikuseme, halafu nitakupa habari. Ulijua kwamba Jumamosi tarehe 15 watu wa Mashauri wanakuja nyumbani Nshamba kujitambulisha kwa Baba na kuniposa. Ulijua tangu Septemba. Uliniambia uko zamu. Avit, mimi nimefanya kazi hiyo Dar es Salaam miaka saba kabla yako, na niliyekuonyesha mlango wa ofisi ni mimi. Zamu ni siku nne ndani, mbili nje. Nimehesabu kuanzia picha uliyotuma tarehe mosi ukimaliza siku ya nne kazini, nikahesabu mara mbili, na tarehe 15 ulikuwa nje. Ulikuwa nyumbani unaangalia mpira.

Hilo ningelisamehe. Lakini ulimpigia Baba simu ukamwambia, kwa utani wako, kwamba wavuvi wa Bumbire wana mke kila mwalo wanakoshusha samaki. Baba, huyo mjomba wako, hana kipimo cha utani. Alilichukua kama taarifa, akampa baba mdogo Kyaruzi, na Kyaruzi akalifanyia kazi. Kwa wiki tatu alikuwa anakuja kila jioni kumwambia Baba kwamba binti wa Kihaya aliyesoma hawezi kupewa Msukuma wa kisiwani asiye hata na mgomba mmoja. Baba akanitamkia wazi: watu waje, atawasikiliza, lakini wakiondoka bila jibu lake siku hiyohiyo, basi jambo limekwisha na nisilirudishe tena mlangoni kwake.

Nina miaka arobaini na mmoja. Nyumba ya Kashai nimeijenga mwenyewe, tofali la kwanza mpaka bati la mwisho. Sikuwa namtafuta mtu wa kunilisha. Mashauri nilimpata kazini, siku tulipomfuata mama aliyekuwa anatoka damu kisiwani, boti yetu ikazima injini, yeye akatuvuta kwa mtumbwi wake saa moja na dakika ishirini bila kuuliza swali. Tulipofika nchi kavu akasema tu, “Dada, mgonjwa wako hajala, na wewe hujala.” Mwanamume wa namna hiyo simwachi kwa sababu ya migomba.

Sasa habari yenyewe. Jumamosi hiyo niliomba ruhusa wiki mbili kabla. Saa kumi na moja alfajiri mwenzangu wa zamu akapiga simu kwamba tumbo linamwendesha. Nikaingia kazini, nikapiga hesabu: tunampeleka mgonjwa mmoja Muleba, tunarudi Bukoba saa saba, nabadilisha nguo, nachukua usafiri, saa tisa niko Nshamba. Wageni walipangiwa saa nane, lakini mimi si wa kuongea siku hiyo, ningechelewa kidogo bila hasara.

Tulichelewa kumkabidhi, na saa saba na nusu ndiyo kwanza tulikuwa Muleba tunageuza gari simu ikalia. Bibi ameanguka kibanjani kwake kwenye migomba, Nshamba, mguu umevunjika. Nikauliza nyumba ya nani. Ma Evodia. Avit, unaijua nyumba ya Ma Evodia. Gari halifiki. Barabara inaishia uwanjani kwa Baba, na kuanzia hapo ni miguu katikati ya migomba.

Dereva wangu anaitwa Masele, kijana hodari, naye ni Msukuma. Tulipokata kona ya mwisho nikamwambia azime king'ora. Niliona haya. Nilifikiri, wageni wako ndani na mazungumzo mazito, halafu posa yangu mwenyewe niiingilie kwa kelele. Akazima. Tukaingia polepole, taa bila sauti, tukaegesha mbele ya mlango wa Baba saa nane na dakika kumi.

Wewe wa Dar hutaona kosa liko wapi. Huko king'ora ni cha kufungua foleni, na gari likiwa kimya maana yake linarudi tupu. Huku kwetu watu hawana foleni ya kufungua. King'ora wanakisikiliza kama habari. Kikilia, kuna mtu anakimbizwa. Gari la hospitali likiingia kijijini kimya, polepole, hadi mlangoni kwa mtu, maana yake aliyemo ndani hana tena haja ya kuharakishwa. Mimi nalijua hilo kuliko mtu yeyote. Nimewaleta wangapi nyumbani hivyo. Lakini siku hiyo kichwa changu kilikuwa kwenye gauni.

Wageni kumbe hawakuwa wamefika, boti yao ilichelewa. Uwanjani alikuwepo Kyaruzi peke yake, kavaa koti, anasubiri kukataa. Mimi na Masele tukashusha machela, tukapita pembeni ya nyumba bila kusimama kusalimu, kwa kuwa mgonjwa alikuwa anasubiri, tukaingia kibanjani. Kyaruzi akatuona tunapita bila neno. Akaangalia gari. Akaangalia kiti cha Baba kitupu. Akashika kichwa kwa mikono miwili na kupiga yowe.

Baba alikuwa nyuma ya nyumba, bafuni, ananyoa ndevu kwa ajili ya wageni.

Mama alikuwa jikoni na ndizi zake. Aliposikia kilio naye akalia. Nilimuuliza baadaye, Mama, ulikuwa unamlilia nani? Akasema, “Waitu, watu wanalia uwanjani kwangu, mimi niende kuuliza maswali?”

Sisi huko kibanjani tunamfunga Ma Evodia kidonda na mabanzi mguuni tukasikia vilio vinapanda. Nikamuuliza bibi nani alikuwa mgonjwa hapa kijijini. Akanitajia wanne, kwa mpangilio wa uzito wa ugonjwa, na kila mmoja akamlilia kidogo kwa tahadhari. Presha yake ilikuwa 160 kwa 95 na mdomo wake ulikuwa mzima kabisa. Manyunyu yakaanza, nikamfunika khanga mpaka usoni asilowe, tukaanza kurudi. Kumbeba kulichukua dakika kumi na mbili kwa ajili ya utelezi.

Tulipokaribia nikasikia sauti ya Ta Rugambwa, yule mwalimu mstaafu aliyekuwa mshenga wa Mashauri. Wageni walikuwa wamefika katikati ya kilio. Mzee wa watu alikuwa amekariri hotuba ya posa siku nane, na kwa kuwa alishasimama, akaigeuza palepale. Nikamsikia anasema, “Tulikuja kuomba jiko kwa mtu mkarimu, mpole, mwenye maneno machache, asiyemwonea jirani.” Nikasimama. Mtu mpole mwenye maneno machache hayupo katika ukoo wetu. Nikajiuliza amekufa nani.

Kwenye kona ya nyumba ndipo nikaona. Uwanja umejaa. Nilihesabu watu sitini na watatu kwa haraka, mikungu ya ndizi tisa imeshafika, kuni mizigo minne, turubai limefungwa pande tatu. Chini ya turubai, Kyaruzi amekaa kwenye kiti cha Baba, anamweleza mtu miti ya buni ya Baba inapoishia. Na kando, Mashauri. Koti lake jipya kalitundika kwenye mgomba, shati limelowa mgongoni, shoka mkononi, anapasua kuni. Wenzake wanne wanachana majani ya migomba kama waliozaliwa hapa. Yule sangara waliyemleta zawadi, wa kilo kumi na nne, alishapelekwa jikoni ili waombolezaji wasilale njaa.

Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Angeweza kugeuza akarudi kwake, kwani posa kwa mtu aliyekufa ni posa gani.

Halafu wakaiona machela. Mtu kafunikwa mpaka usoni, anatoka kibanjani kwa Baba, Mzee Kahangwa. Avit, kilio kilichopigwa hapo sijawahi kukisikia Muhimbili wala popote. Wanawake wakatuangukia. Mmoja akakumbatia mguu wa Ma Evodia, bahati njema ule mzima. “Ta Kahangwa, umetuacha.”

Ma Evodia akafunua khanga. Akauliza, “Kahangwa amekufa na jembe langu?”

Walioangukia machela wakakimbia. Mmoja mpaka leo kiatu chake kiko kwetu. Na kabla hawajatulia, sauti ikatoka nyuma yao mlangoni, “Jembe nilikurudishia Jumatatu.” Baba kasimama na wembe, nusu ya uso imenyolewa, nusu ina povu.

Mama anasema Baba alimwambia baadaye kwamba alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda mrefu. Alisikia kilio, akachungulia, akasikia Mwalimu anaanza kumsifu, akaona si adabu kumkatiza.

Baba akawatazama watu mmoja mmoja. Akatazama mikungu. Akasema, “Mwalimu, ulikuwa hujamaliza.” Ta Rugambwa akakaa chini. Kyaruzi akanyanyuka kitini taratibu kama mtu anayetoka kwenye maji baridi.

Masele akasema tumpime mzee. Nikampima, sekunde arobaini, 150 kwa 90. Kwa hali aliyokuwa nayo dakika mbili nyuma, si vibaya.

Na hapo, mdogo wangu, ndipo uchungu wangu ulipo. Siku niliyoisubiri miezi yote, Baba kasimama, Mashauri kasimama, watu wote wapo, jibu linatakiwa leo, na mimi nina mgonjwa ambaye vidole vyake vya mguu vinaanza kupoa. Ningemwambia nani asubiri? Baba aliniangalia akasema, “Immakulata, peleka mgonjwa.” Nikapita karibu na Mashauri. Aliweka shoka chini, akafungua mlango wa gari, akatusaidia kuinua machela upande wa miguu, taratibu, alivyoniona nikifanya kisiwani. Tukaondoka saa nane na dakika hamsini na mbili.

Njia nzima Ma Evodia alikuwa analalamika kwamba nimemtoa msibani. Nikamweleza hakuna msiba. Akasema basi nimemtoa kwenye posa, na hiyo ni mbaya zaidi. Kila dakika tano napima mapigo ya mguu wake, na katikati ya dakika hizo tano naangalia simu. Hakuna kitu. Nilimkabidhi hospitali saa kumi kasoro dakika saba, vidole vina joto, nikatia saini. Nikakaa kwenye benchi la nje na Masele. Akaniambia, “Dada, sisi Wasukuma tukifika msibani hatujui kukaa tu. Mzee ameona.” Nikamwambia anyamaze.

Mama alipiga saa kumi na nusu. Kwanza alinieleza sangara alivyokuwa mtamu. Halafu waliokula. Halafu kwamba mikungu imegoma kurudi kwa wenyewe, Baba kasema ililetwa kwa ajili yake. Nikamwambia, Mama, mimi naomba jibu. Akasema Kyaruzi alisimama kukumbusha habari ya migomba na ya mwalo. Baba akamwacha amalize. Kisha akamgeukia Mashauri, nusu ya ndevu bado iko palepale, akamwambia, “Kunizika mlikuja kunizika bila kuitwa na mtu. Kwa binti yangu nimewaita mimi mwenyewe. Nitawarudishaje mikono mitupu?”

Ndivyo nilivyochumbiwa, Avit, nikiwa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, na damu ya Ma Evodia kwenye mkono wa shati.

Tangazo la kwanza litasomwa parokiani Jumapili ya tarehe 30. Ndoa ni Jumamosi, tarehe 10 Januari. Baba anataka wewe ndiye unishike mkono kunitoa nyumbani, maana wewe ni mtoto wa dada yake na ulikuwa na mengi ya kusema kuhusu wavuvi. Mashauri anajua ulichosema. Alicheka, akasema atakupeleka kwenye mwalo mmoja mmoja ukawahesabu hao wake mwenyewe.

Nisalimie mkeo na wanao, na shangazi yangu Joanitha ukimwona Mbagala. Huku mama yangu Gaudensia anakusalimu, Ma Evodia anakusalimu kutoka wodini, na Baba anakusalimu akiwa hai. Mwenyezi Mungu akutunze barabarani, akupe wagonjwa wanaopona na ngazi zisizo ndefu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekukasirikia,

Immakulata Kahangwa.